Mjomba, nipe nauli ya Nashville!

MWENZENU nimepewa mtihani. Jumapili iliyopita alikuja dada yangu na mwanawe wa miaka 23, gitaa mgongoni, pama kichwani utadhani tuko Texas. Chai haijapoa, kijana akatoboa: "Mjomba, nataka kuhamia Nashville nikaimbe kantri."

Nikacheka. Dada hakucheka. "Mdogo wangu, nimeshapata mteja wa kile kiwanja cha Chanika. Neno lako tu."

Kicheko kikakatika. Dada hana kingine zaidi ya kiwanja hicho. Na aliyemharibu mtoto ni mimi! Amekua akisikiliza kanda zangu za Jim Reeves na Dolly Parton.

Basi nikamweka chini. Na wewe msomaji mwenye mtoto wa namna hiyo, sogea.

Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani, imekuwa kitovu cha kantri tangu kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilipoanza mwaka 1925. Mpaka leo kinarushwa. Kwa hiyo kila mwenye sauti huko Marekani anakimbilia pale. Nenda mtaa wa Broadway: baa zimepangana, bendi zinapiga tangu asubuhi mpaka usiku wa manane. Nyingi hazina kiingilio, na wanamuziki wanategemea sana kutunzwa, kama waimbaji wa taarab harusini. Sauti nzuri pale ni kama mchanga wa Coco Beach.

"Unanikatisha tamaa, mjomba?"

"Nakufumbua macho."

Nikamwambia habari za huyo huyo Dolly. Alimaliza shule mwaka 1964, kesho yake akapanda basi kwenda Nashville. Lakini hakwenda kichwa kichwa. Mjomba wake, Bill Owens, alikuwa akitunga naye nyimbo tangu utotoni. Mwaka 1966 wimbo waliotunga pamoja uliimbwa na Bill Phillips, ukaingia kumi bora. Yaani kalamu ilimtangulia, sauti ikafuata! Ndivyo mji ule ulivyo. Karibu na mitaa ya 16 na 17 kuna kampuni ambazo kazi yake ni kutafuta nyimbo na kuzipelekea waimbaji. Watunzi hukaa wawili watatu chumbani, wanaandika kama watu wa ofisini.

Na Garth Brooks je? Alifika mwaka 1985, akakaa kama siku moja, akageuza kurudi kwao Oklahoma. Akarudi tena mwaka 1987, akauza mabuti dukani huku akihangaika. Mwaka 1988 aliimba Bluebird Cafe, kijumba chenye viti kama 90 tu, akapata mkataba. Leo ni miongoni mwa walioongoza kwa kuuza albamu Marekani.

"Sasa mjomba, si na mimi nitauza mabuti?"

Hapo ndipo penye kasheshe. Garth alikuwa kwao. Wewe ukiingia na viza ya matembezi, huruhusiwi kufanya kazi ya malipo, iwe kuuza mabuti au kuimba baa. Wanamuziki wa nje wana viza zao, na hizo zinataka mtu awe ameshaonyesha kazi. Utakuwa umekaa kwenye chumba cha kupanga, hela ya kiwanja inayeyuka, na kurudi unaona aibu.

Nikatoa hukumu. "Dada, kiwanja hakiuzwi. Na wewe mjomba, niletee nyimbo 10 ulizotunga mwenyewe. Si za Texas, farasi hujawahi hata kumshika. Za hapa hapa. Studio nitalipia mimi. Zikipata mtu wa kuzitaka kule, nauli tutachanga ukoo mzima."

Kijana aliondoka kanuna. Dada alinishika mkono mlangoni, hakusema kitu. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu.

Alhamisi usiku simu ikalia mlio wa ujumbe. Wimbo! Gitaa na sauti tu, unahusu mama aliyekuwa tayari kuuza ardhi yake kwa ajili ya mwanawe. Nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilizima taa kwanza, mke wangu asinione.

Nikamjibu: "Bado 9."