Gitaa la umeme bila ampu: cha kununua Juba na cha kuacha dukani

Kama una gitaa la umeme, laptopu na dola 150, nunua kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gitaa na inayotumia umeme wa USB. Achana na priampu ya valvu, achana na mikisa ya chaneli nane, wala usimsikilize anayesema bila ampu huwezi kurekodi. Kama una pesa pungufu ya hiyo, au tayari una kifaa nyumbani, soma kwanza ndipo utoe pochi.

Kurekodi moja kwa moja ni kutoa waya kwenye gitaa na kuupeleka kwenye kifaa, bila spika wala maikrofoni. Kwa anayeishi karibu na soko la Konyo Konyo, Juba, njia hii ina faida kubwa. Maikrofoni hudaka kila kitu: jenereta ya jirani, honi za bodaboda, mvua kwenye mabati. Waya wa gitaa hausikii hayo. Unaweza kurekodi solo saa nne asubuhi, soko likiwa limefurika, na wimbo ukatoka safi.

Uliza kwanza tundu la gitaa

Sumaku za gitaa hutoa umeme dhaifu, na umeme huo haustahimili mzigo mzito. Ndiyo maana gitaa linataka kifaa chenye ukinzani wa kuingilia wa karibu megaohmu 1. Tundu la maikrofoni huwa na kiloohmu chache tu, na tundu la LINE la mikisa huwa na kiloohmu kumi hadi hamsini hivi. Chomeka gitaa humo na nyuzi nyembamba zitapoteza ung'avu, hata uongeze treble vipi.

Huhitaji mita wala fundi kulijua hilo. Angalia karibu na tundu: tafuta neno INST au Hi-Z, au kitufe chenye picha ya gitaa. Kama hakuna, kifaa hicho peke yake hakikufai, hata kiwe na taa nzuri namna gani.

Chaguo na bei zake

Bei hizi ni makadirio ya kifaa kipya nje ya Sudan Kusini. Juba utaanzia hapo kwenda juu.

*Kiunganishi cha gitaa na simu, dola 10 hadi 40.* Ni kijiwaya chenye jeki ya gitaa upande mmoja na ya simu upande wa pili. Kinafaa mazoezi na kunasa wazo lisipotee. Kwa wimbo wa kutoa redioni hakifai: kelele zake za chini husikika kila gitaa linaponyamaza, na simu nyingi mpya hazina tena tundu la jeki.

*DI pasivu, dola 20 hadi 40. Nzuri ni 80 na kuendelea.* DI ni kiboksi kinachoandaa umeme wa gitaa uingie kwenye tundu la maikrofoni la mikisa. Ndani ya hii mna transfoma na karibu hakuna kingine. Haili betri, haina adapta, na ukiiangusha huenda ikapona. Swichi yake ya GROUND LIFT hukata mvumo unaotokea vyombo viwili vinapochangia waya wa ardhi. Kasoro yake ni kwamba ukinzani huwa kama kiloohmu 140, na za bei ya chini kabisa hupungua zaidi. Ni chombo kizuri kwa kinanda na kwa besi yenye betri ndani. Gitaa la kawaida litapoteza makali kidogo.

*DI aktivu, dola 30 hadi 150.* Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa: ukinzani wake huwa juu, nyingine megaohmu 1 au zaidi. Inataka betri ya volti 9 au umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Kama kanisani kwenu au kwenye studio mnayokodi tayari kuna mikisa nzuri isiyo na tundu la gitaa, nunua hii na uishie hapo.

*Kadi ya sauti ya USB, dola 50 hadi 100 ya tundu moja, 100 hadi 200 ya matundu mawili.* Priampu, tundu la gitaa, tundu la maikrofoni na la hedifoni vimo ndani ya boksi moja. Inakula umeme wa laptopu, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika unaendelea kurekodi. Chukua yenye biti 24 na swichi ya DIRECT, inayokuwezesha kujisikia papo hapo bila sauti kuchelewa.

*Mikisa ndogo yenye USB, dola 60 hadi 150.* Inavutia kwa wingi wa vitufe. Lakini nyingi za bei hiyo hupeleka kwenye laptopu sauti mbili tu, kushoto na kulia, vyombo vyote vikiwa vimeshachanganywa. Ukikosea kiwango cha gitaa, huna pa kukirekebisha baadaye. Nunua kama utaitumia pia kwa ibada au harusi. Kwa kurekodi tu, iache.

*Pedali ya efekti yenye USB, dola 80 hadi 250.* Ina tundu la gitaa, inaiga ampu na spika, na wikiendi unakwenda nayo jukwaani. Kwa mpiga gitaa asiyeimba ni mshindani wa kweli wa kadi ya sauti. Nyingi hazina tundu la maikrofoni, basi mwimbaji wenu atabaki akisubiri.

*Priampu ya valvu ya bei nafuu, dola 50 hadi 100.* Unalipia ule mwanga wa valvu dirishani. Nyingi za kundi hili huipa valvu volti chache mno kuliko inazohitaji, na ukishainunua bado unahitaji kadi ya sauti. Priampu halisi za studio huanzia dola 500. Ni nzuri, lakini tofauti yake hutaisikia kwenye hedifoni za dola 10.

Wapiga stili

Gitaa la stili la pedali si geni barani Afrika: Demola Adepoju alilipiga kwenye bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, katika albamu ya Juju Music ya 1982. Kama unalo, au una lile la kulaza mapajani, zingatia mawili. Sumaku zake huwa na nguvu, na tundu la INST la bei ya chini huwaka taa nyekundu mapema. Tafuta kifaa chenye kitufe cha PAD, kinachopunguza nguvu ya umeme unaoingia. Pili, pedali ya sauti isiyo na umeme hufifisha ung'avu. DI aktivu yenye tundu la THRU ikikaa kati ya gitaa na pedali haitasaidia, kwa sababu THRU hurudisha umeme uleule wa gitaa. Kinachotakiwa hapo ni bafa, kiboksi chenye umeme wake kinachokinga sumaku dhidi ya mzigo wa pedali. Zaidi ya hapo, upigaji safi wa stili hauhitaji mengi.

Mpiga gitaa la kawaida anahitaji kitu kingine: mwigo wa spika. Spika ya gitaa hukata sauti za juu kuanzia karibu kilohezi 5, na bila hiyo distosheni husikika kama mbung'o chupani. Programu na faili za kuiga spika zipo za bure, usikubali kuuziwa.

Gharama zisizoandikwa kwenye boksi

Adapta ndiyo mtego wa kwanza. Priampu na mikisa nyingi ndogo hutumia adapta inayotoa umeme wa AC, si DC. Soma kibandiko palipoandikwa OUTPUT: alama ya wimbi ni AC, mstari wenye vistari chini yake ni DC. Adapta za DC zimejaa sokoni. Ya AC ya volti 9 au 12 unaweza kuizungukia Juba nzima. Kifaa cha mtumba kisicho na adapta yake, mwachie mwenye duka.

Betri ya volti 9 ni mtego wa pili. Kwenye DI nyingi, jeki ikibaki imechomekwa betri inaliwa usiku kucha. Chomoa ukimaliza.

Umeme nao una bei yake. Chaja ya laptopu na inverta ya bei poa huingiza mvumo kwenye gitaa, na priampu ya dola 500 itaurekodi mvumo huohuo kwa uaminifu. Dawa yake ni bure: jaza betri ya laptopu, chomoa chaja, kisha rekodi.

Halafu kuna intaneti. Kadi nyingine hudai upakue programu ya kuiendesha kabla haijatoa sauti. Pendelea isiyohitaji hivyo. Na ukitaka kurekodi kwa simu, jua kwamba simu nyingi hazina nguvu ya kuilisha kadi; utaongeza kiunganishi cha OTG, na pengine habu yenye umeme wake.

Hapa, Kampala au Nairobi?

Konyo Konyo ni soko la chakula, nguo, simu na spea ndogondogo. Nenda huko kwa waya, jeki, betri na hedifoni. Ukiona kadi ya sauti kwenye kibanda, huenda ni nzuri, lakini chaguo litakuwa moja au mawili.

Kampala na Nairobi kuna chaguo zaidi, na mzigo hupita Nimule, mpakani na Uganda, kilomita 192 kwa lami kutoka Juba. Usidanganyike kwamba kwa kuwa Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 hakuna ushuru. Bidhaa iliyotengenezwa nje ya Jumuiya haiwi ya Uganda kwa kununuliwa Kampala. Kabla ya kutuma pesa, jumlisha nauli ya mzigo, ushuru na cha juu cha anayekubebea. Kwa kifaa cha dola 60, safari inaweza kufuta nafuu yote. Kwa cha dola 150 bado inaweza kulipa.

Bei ulizia kwa dola na uhakikishe kiwango cha siku hiyo. Desemba 2015 pauni ya Sudan Kusini ilitoka karibu 3 hadi 18.5 kwa dola kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo hakuna muuzaji anayelala na bei ya jana. Beba noti za dola safi na mpya: za kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa, na noti ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini.

Kabla hujalipa

Nenda na gitaa lako, waya wako na laptopu yako. Muuzaji akisema, "Bosi, hii ni orijino, chukua tu," mwambie utachukua baada ya kusikia. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Chomeka. Zungusha kila kitufe polepole toka mwisho hadi mwisho huku hedifoni ziko masikioni: ikikwaruza, vumbi limeingia, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei. Tingisha jeki ikiwa ndani. Sauti ikikatika, tundu limelegea, kiache. Rekodi dakika moja, uisikilize, ndipo uhesabu noti.

Kwa kifaa cha mtumba, geuza nyuma uone tundu. Likiwa la FireWire, usikichukue hata kwa dola 20: laptopu za sasa hazina tundu hilo.

Mgawo wa pesa

Dola 50: DI aktivu kama una mikisa nzuri karibu; kama huna, kadi ya tundu moja yenye INST.

Dola 150: kadi ya matundu mawili ya kama 110, inayobaki ni waya mzuri wa mita tatu, nyuzi mpya na hedifoni. Waya mrefu hula ung'avu, kwa hiyo mita sita ni hasara ya mara mbili.

Dola 300: kadi ileile, maikrofoni moja ya mwimbaji, na betri ya sola ya kuweka laptopu hai. Priampu ya pili isiwe kwenye orodha mpaka nyimbo mlizorekodi zianze kuwaletea kazi.