Kijiji Kinacholipwa Kila Mwezi: Somo la Shilingi 2,280

Ukihakikishiwa shilingi 2,280 kila mwezi kwa miaka 12, utazifanyia nini? Wengi wetu tutajibu haraka: unga, mafuta ya kupikia, karo kidogo, basi zimeisha. Lakini kuna watu wa kijijini ambao wamelijibu swali hili kwa vitendo, na jibu lao linaweza kumsaidia yeyote anayetumia pesa kwa simu.

Mnamo Oktoba 2016, shirika la GiveDirectly lilianza kuwatumia pesa watu wazima 95 wa kijiji kimoja kidogo magharibi mwa Kenya, upande wa Ziwa Victoria. Kila mtu mzima anapata kiasi sawa kwenye simu. Mume anapata zake, mke anapata zake, nyanya naye anapata zake. Hakuna anayemshikia mwenzake. Ahadi ni miaka 12, yaani hadi 2028. Piga hesabu: ni shilingi 328,320 kwa kila mtu.

Kijiji hicho kilikuwa cha majaribio. Baadaye mpango ulipanuliwa hadi vijiji vingine vya Siaya na Bomet, ukawa utafiti wa vijiji 295. Vijiji 44 viliahidiwa pesa za kila mwezi kwa miaka 12. Vingine 80 viliahidiwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa zile za miaka 2 zote kwa mpigo, takriban dola 500 kwa mtu. Vijiji 100 vilivyobaki havikupewa kitu, ili watafiti wawe na cha kulinganisha.

Nani alisonga mbele?

Wengi walidhani watu wakipewa pesa za bure wataacha kazi na kuhamia kwa vilabu vya pombe. Abhijit Banerjee, Tavneet Suri na wenzao, waliofanya utafiti huo, hawakuona hivyo. Watu waliendelea kufanya kazi, ila baadhi walipunguza vibarua vya kuajiriwa na kuongeza muda kwenye biashara zao wenyewe.

Tofauti kubwa ilionekana kwenye biashara. Vijiji vilivyopewa pesa kwa mpigo vilianzisha biashara nyingi kuliko vile vya miaka 2 kidogo kidogo. Hilo linaeleweka, kwa sababu 2,280 haitoshi kufungua kibanda. Cha kushangaza ni kwamba vijiji vya miaka 12 navyo vilifanya vizuri, ilhali kila mwezi vilipata kiasi kilekile kidogo. Vipi?

Jibu ni chama. Watu wa miaka 12 walitumia sana vyama vya mzunguko, vile vya kuchanga kila mwezi na mmoja kubeba zote. Kwa hiyo pesa iliyoingia ikiwa ndogo ilimfikia mtu ikiwa kubwa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Majirani 12 wanachanga shilingi 1,000 kila mwezi. Kila mmoja anabaki na 1,280 ya matumizi, na mara moja kwa mwaka anabeba 12,000. Hiyo inaweza kuanzisha banda la kuku au kununua mbolea kabla ya mvua. Mapato hayajaongezeka hata shilingi moja. Yamekusanywa tu.

Kwa nini kijijini inawezekana

Tunaona sababu tatu. Ya kwanza, kila mtu anajua mwenzake analipwa kiasi gani. Ya pili, hakuna anayeweza kusema "zangu bado hazijaingia" wakati majirani wote wameshapata. Ya tatu, wanajua pesa itaendelea kuja, kwa hivyo anayengoja zamu ya mwisho haogopi sana.

Imani hiyo haiji yenyewe. Shirika hilohilo lilipoenda Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya familia zilizofikiwa zilikataa pesa, huku uvumi ukienea kwamba ni pesa za kishetani. Pesa bila imani haiendi mbali.

Ufanye nini na chama chako?

Huenda wewe hutumiwi pesa na shirika lolote. Lakini kama una mshahara, malipo ya maziwa au majani chai, au kitu kidogo kutoka kwa mtoto aliye Nairobi, unaweza kuiga:

- Anza na watu mnaolipwa wakati mmoja. Panga siku ya mchango iwe kesho yake, kabla pesa haijatawanyika.
- Changa kiasi ambacho hata mwezi mbaya utaweza. Chama huvunjwa na mchango mkubwa kuliko mfuko.
- Pigeni kura ya zamu mbele ya wote na muiandike. Anayebeba kwanza awe mtu ambaye kila mmoja anajua kwao.
- Msiweke pesa ya chama kwenye laini ya mweka hazina pamoja na pesa zake za nyumbani. Mtumie anayebeba moja kwa moja, na kila mmoja ahifadhi ujumbe wake wa kuthibitisha.
- PIN ni yako peke yako. Hata mwenyekiti hapewi.
- Ukipigiwa simu uambiwe umechaguliwa kupokea msaada ila utume "ada kidogo" kwanza, kata. Anayetaka kukupa pesa haanzi kwa kukuomba.

Na kabla hamjaanza, ulizaneni swali moja: kila mtu akibeba, atafanyia nini? Wakati mwingi pesa huliwa kwa sababu ilifika kabla ya mpango. Kijiji kidogo chenye 2,280 kwa kila mtu kimeonyesha kwamba mpango ukiwepo, hata kidogo hufika mbali.