Umeme wa mito ya Virunga: msitu unalindwa pia na bei ya kupika maharagi

Saa kumi na mbili za jioni, mitaa ya Majengo, Ndosho na Katoyi mjini Goma inajaa moshi wa mbabula. Maharagi hayapikwi haraka: masaa mawili, mara nyingine matatu. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji makala kila siku, mvua inyeshe ama isinyeshe. Makala hizo zinatoka wapi? Sehemu moja inatoka kwenye mashamba ya mikaratusi ya wakulima, hasa upande wa Masisi. Nyingine, na ni nyingi, inatoka ndani ya Mbuga ya Virunga, mahali ambapo sheria inakataza kukata hata mti mmoja.

Hapo ndipo swali la biashara linaanza. Siku hizi tunasikia sana wakubwa wa makampuni wakisema wanafanya biashara yenye kuhifadhi mazingira na kuinua wakaaji. Maneno ni mazuri. Lakini kwa mtu wa Rutshuru ama wa Lubero, yanamaanisha nini? Kwa kifupi ni hivi: faida ya leo isimalize msitu wa kesho, na jirani asiachwe na njaa.

Makala nayo ni biashara

Tusisahau kwamba makala ni biashara kubwa. Kuna mkataji, kuna mchomaji, kuna mbebaji, kuna dereva, kuna mama anayeuza kidogo kidogo kwenye ndoo. Katikati yao kuna watu wenye silaha wanaotoza pesa kwenye barieri. Na ni biashara yenye hasara nyingi: kwa njia ya kienyeji, kilo moja ya makala inaweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni.

Pesa hizo zimemwaga damu. Katikati ya mwaka 2007 sokwe kadhaa wa milimani waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ulielekeza macho kwa watu wa biashara ya makala. Walinzi wa mbuga waliouawa kazini kwa miaka yote wamepita 200.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja tu: kuongeza walinzi. Lakini mbuga hii, iliyoundwa mwaka 1925 wakati wa ukoloni, ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 7.800, na imezungukwa na mamilioni ya watu. Wengi wanasema babu zao walilima humo. Kumwambia mtu kama huyo "usiingie" bila kumwonyesha mahali pengine pa kupata chakula ni kutafuta ugomvi usioisha.

Wazo la mwaka 2013

Mwaka 2013, taasisi ya taifa ICCN, shirika la Virunga Foundation na wenzao walianza mpango unaoitwa Alliance Virunga. Wazo lake ni rahisi kueleza: mbuga iwalipe majirani zake. Mali waliyoichagua kwanza ni maji.

Kituo cha umeme cha aina hii hakihitaji bwawa kubwa. Sehemu ya maji ya mto inaelekezwa kwenye bomba, inateremka kwa nguvu, inazungusha turbini, kisha inarudi mtoni. Hapa ndipo msitu unaingia katika hesabu ya biashara. Msitu wa mlimani unashika mvua na kuiachilia polepole. Ukikatwa, mvua inashuka kwa mara moja pamoja na tope, turbini zinaharibika, na wakati wa kiangazi mto unapungua. Kwa hiyo kampuni inayouza umeme huo ina sababu ya pesa, siyo ya huruma tu, ya kutaka msitu ubaki.

Walianza kidogo, Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kwa kituo cha megawati 0,4. Umeme ulipofika, kiwanda cha sabuni kilifunguliwa hapohapo, kinachotumia mawese ya eneo hilo. Mwishoni mwa 2015 kituo cha Matebe, Rutshuru, kilizinduliwa kikiwa na megawati zaidi ya 13, na baadaye Goma ikaanza kupata umeme wake. Kisha kikaja kituo cha Luviro upande wa Lubero. Pesa za ujenzi zilitoka kwa wafadhili na kwa mikopo. Kampuni ya Virunga Energies ndiyo inayouza umeme.

Faida ya kwanza haikuonekana jikoni. Ilionekana kwenye mashine za kusaga, kwa wachomeleaji vyuma, kwenye saluni na maduka ya baridi. Mtu aliyekuwa anatumia jenereta ya mazutu alipata umeme wa bei nafuu zaidi, akaweza kuajiri kijana mmoja ama wawili. Na kijana mwenye mshahara ana sababu moja chini ya kwenda msituni na shoka, ama kuchukua bunduki.

Mahali hesabu inapogoma

Lakini nyumba nyingi zenye taa ya umeme bado zinapika kwa makala. Kwa nini? Kwanza, chungu cha umeme kinanunuliwa kwa pesa ya mara moja, lakini makala zinanunuliwa kwa franka za leo. Pili, mtu ambaye umeme unamkatikia mara kwa mara hatupi mbabula yake. Tatu, vijiji vingi vinavyopakana na mbuga vinaona nguzo zikipita kuelekea mjini huku vyenyewe vikibaki gizani.

Luviro ilileta swali lingine. Wakati umeme ulikuwa bado haujapata wateja wa kutosha, ulitumiwa kuendesha kompyuta za kutafuta Bitcoin. Wasimamizi walieleza kwamba maji yangepita bure na kwamba pesa hizo zinasaidia mbuga. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkaaji anayengoja nguzo ana haki ya kuuliza: zamu yangu ni lini?

Halafu kuna vita. Mapigano yaliyorudi tangu mwisho wa 2021 yamekata nyaya mara nyingi na kuacha Goma bila umeme. Wakimbizi waliojaa pembeni ya mji walihitaji kupika, na msitu wa karibu ulikuwa wa mbuga. Hakuna kiongozi wa biashara anayeweza kuziba pengo hilo peke yake.

Wakaaji waulize nini?

Somo la Virunga halihusu umeme tu. Linafaa kwa kampuni ya mbao, depo ya kakao, shamba kubwa ama mgodi. Mbele ya bosi anayesema anajali mazingira, wakaaji wanaweza kuuliza maswali matatu.

La kwanza: faida yake inapanda msitu na mto vikibaki, ama vikiisha? Kama anapata zaidi vikiisha, ahadi zake hazitadumu.

La pili: jirani anapata nini, kwa bei gani, na lini? Shule iliyopakwa rangi siku ya sherehe haitoshi. Kazi, bei na tarehe ndiyo majibu.

La tatu: nani anakaa mezani wakati wa kuamua? Kwa migodi, hili si ombi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni inayochimba iwe na mkataba wa majukumu kwa wakaaji, na itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo yao. Shirika la raia na wakubwa wa vijiji wana haki ya kuulizia pesa hizo.

Na nyumbani, kila mtu anaweza kufanya hesabu yake: aandike pesa za makala za wiki moja, kisha aulize jirani mwenye chungu cha umeme anatumia ngapi. Siku umeme utakapokuwa nafuu kuliko ndoo ya makala, na usiokatika, mlinzi wa mbuga atakuwa amepata msaidizi katika kila jiko.