Kutoka Stoo hadi Kipilefti: Maneno ya Kiingereza ya Kutunza katika Kiswahili cha Nyakato

Nyakato, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, ni eneo la viwanda, maghala na karakana. Mahali pa namna hiyo msamiati wa kutunza vitu hufanya kazi mchana kutwa, na ndipo hudhihirika kwamba Kiingereza kimekipatia Kiswahili vyombo vya kutunzia, lakini si kitendo chenyewe. Stoo, kabati, droo, sefu, friji, faili na kontena yote ni majina. Vitenzi vimebaki kuwa weka, tunza, linda na hifadhi, na hata hicho cha mwisho asili yake ni Kiarabu.

Aidha, majina hayo hayakuingia na maana zake zote. Mmarekani akitaja “store” aghalabu hukusudia duka. Stoo ya Kiswahili haiuzi kitu, ni chumba cha magunia, mkaa na baiskeli mbovu. Godauni nalo Waingereza wenyewe waliliazima Asia.

Kitenzi “keep” kina historia ya ajabu zaidi. Hakikuazimwa kikiwa peke yake, kwani nafasi zake zilikwisha kujaa: ng’ombe hufugwa, ahadi hutimizwa, siri hutunzwa. Hata hivyo kilipenya kwa milango miwili ya pembeni, uwanja wa mpira na barabara. Golikipa, kwa kifupi kipa, ndiye mlinda mlango. Kipilefti ni mzunguko wa barabarani, jina litokanalo na amri ya Kiingereza iliyowataka madereva washike kushoto. Silabi ya kwanza ya kipa na kipilefti imetoka katika kitenzi kimoja, lakini wasemaji wameitendea tofauti. Katika kipilefti imehesabiwa kuwa kiambishi cha ngeli: kipilefti kikubwa, vipilefti viwili. Kipa amekataa mkondo huo. Kwa kuwa ni mtu, wingi wake ni makipa, wala hakuna asemaye “vipa”. Anayedai kwamba maneno ya mkopo hupangwa katika ngeli kwa sauti zake tu hana budi kumjibu kipa kwanza.

Upana huo wa “keep” humtega mfasiri, hasa wa maelezo ya dawa. “Weka mbali na watoto” inaeleweka vema. Lakini weka huweza kufahamika kama tendo la mara moja, ilhali dawa inayotaka ubaridi hutaka ubaridi huo siku zote. “Iweke kwenye jokofu” haitoshi; “ihifadhiwe ndani ya jokofu wakati wote” hubeba muda ambao Kiingereza huuficha ndani ya kitenzi. Kosa hapa si la mtindo, ni la dawa kuharibika.

Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimefaulu kuingia, nacho ni sevu. Vijana husevu namba za simu na picha. Mahindi hayasevuliwi, na samaki pia. Hao hukaushwa, hubanikwa au hugandishwa.

Kuhusu mahindi, mkondo umegeuka kabisa. Kihenge, ghala la asili la nafaka, sasa ndilo jina la minara ya chuma ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na neno la Kiingereza la minara hiyo halikuhitajika.