JINAMIZI HALINA USO WA JIRANI

Je, msomaji, umewahi kuamka usiku ukajiona kama maiti yenye macho? Unaiona dari, unasikia jogoo akiwika, lakini mkono haunyanyuki, ulimi hautamki, na kifuani pamekaliwa na kitu kizito. Watu wa pwani huliita jambo hilo jinamizi, na aliyepatwa nalo husema, "Jana nilikabwa." Wengi hukabwa wakanyamaza kwa kuona haya, au kwa kuogopa kuambiwa wana wazimu. Mimi sikunyamaza. Nilisema, tena nilisema vibaya, na maneno yangu yakamponza mtu asiye na kosa.

Siku hizo nilikuwa kijana, nikifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja mjini Mombasa. Juma hili mchana, juma lijalo usiku. Nilipanga chumba Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Chumba cha nyuma, karibu na uani, alikaa bi kizee mmoja mjane aliyejipatia riziki kwa kupika mahamri na mbaazi kila alfajiri.

Jioni moja bi kizee huyo alinijia kuomba mafuta ya taa. Yangu yalikuwa machache, nami nikamjibu kwa mkato. Usiku ule, baada ya juma zima la kukesha kazini, nililala chali kama gogo. Kabla ya adhana ya alfajiri nikafumbua macho. Mwili ulikuwa umekufa ganzi. Nikahisi kuna mtu chumbani. Akaja polepole, akanikalia kifuani, pumzi ikanipaa. Nilipomtazama usoni, nilimwona bi kizee wa chumba cha nyuma.

Asubuhi nilimsimulia jirani mmoja. Mchana nyumba nzima ilikwisha jua. Jioni mtaa mzima. Maneno ni kama moto wa makuti. Huwezi kumwambia mtu uuwashe kidogo tu. Siku ya pili watoto walikatazwa kununua mahamri yake. Siku ya tatu wapangaji wawili walimwendea mwenye nyumba kumtaka amtoe.

Bi kizee alikuja mlangoni pangu mwenyewe. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, nimesikia unanituhumu. Hata mimi hunikaba, tangu nilipokuwa mwari. Je, mimi nimshike nani?"

Sikuwa na jibu. Mwezi haukwisha, akafunga virago vyake na kuhama.

JINAMIZI NI NINI?

Jibu la swali lake nililipata miaka mingi baadaye, na kumbe lilikuwa limekwisha anza kupatikana zamani. Mnamo mwaka 1953, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kwamba usingizi una vipindi mbalimbali. Kuna kipindi ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Hapo ndipo zinapokuja zile ndoto zenye visa na picha nyingi. Kwa kawaida kipindi hicho huja mara ya kwanza baada ya dakika 90 hivi za usingizi, kisha hurudi mara kadhaa, nacho hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha.

Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mwili, ili mtu anayeota anakimbia asije akakurupuka kitandani akagonga ukuta. Macho huachwa huru, na kiwambo cha kupumulia huendelea na kazi yake. Jinamizi hutokea pale akili inapoamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtu yu macho, lakini ndoto haijamtoka.

Uzito ule wa kifuani nao una sababu. Misuli ya kifua imelegea, basi ukitaka kuvuta pumzi kwa nguvu, kifua hakikutii, nawe unaona kana kwamba umekaliwa. Sehemu ya ubongo inayotutahadharisha na hatari nayo huwa imeamka kwa kishindo, ikitafuta adui. Isipomwona, akili humtengeneza, mara nyingi kutokana na lile uliloogopa au ulilolala nalo moyoni. Mimi nililala na majibu yangu mabaya kwa mama wa watu.

SI LETU PEKE YETU

Tusidhani kwamba jambo hili ni la pwani tu. Wajapani huliita kanashibari, maana yake ni kufungwa kama kwa chuma. Huko Newfoundland, nchini Kanada, wavuvi husimulia habari za bi kizee anayewakalia watu usiku. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watu wapatao 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa nalo angalau mara moja maishani, na wanafunzi zaidi ya robo.

Jirani zetu wa Pemba na Unguja hawajausahau mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipotanda visiwani. Familia nzima nzima zililala nje zikiota moto, zikiogopa kuingia vyumbani. Wataalamu walioyachunguza masimulizi yale waliona mengi yanafanana na jinamizi. Hofu hiyo haikuishia kwenye kukesha tu, kwani mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa.

Na hapa kwetu, katika Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi na macho mekundu yamefanywa ushahidi. Sisemi kwamba kila shutuma huanzia kitandani. Nasema mimi nilikuwa na ushahidi wa macho yangu mawili, nami nilikuwa nimekosea.

LIFANYIWE NINI?

Jinamizi lenyewe halijulikani kuua. Hupita baada ya sekunde kadhaa au dakika chache. Likikujia, usipigane nalo kwa mwili mzima. Pumua polepole, kisha jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu au cha mkono. Mwambie unayelala naye kwamba akikusikia unagugumia, akuguse. Lala kwa ubavu, usilale chali. Lala na uamke kwa saa zilezile kadiri uwezavyo, kwa maana uchovu na zamu za kubadilikabadilika humwalika mgeni huyu. Anayetaka kusoma dua na asome. Moyo uliotulia hulala vizuri zaidi.

Lakini yako maradhi ya usingizi yanayotaka daktari, wala si ya kungojwa. Mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika, halafu akashtuka kama aliyekuwa akizama, ana ugonjwa unaoweza kumpandishia shinikizo la damu na kumsinzisha akiwa kwenye usukani. Yuko pia yule anayeshikwa na usingizi mchana akiwa anakula au anazungumza, na magoti yakamlegea akicheka. Huyo mara nyingi huitwa mvivu, na shuleni huchapwa. Kumbe ubongo wake umepungukiwa na chembe zinazotoa kemikali ya kumweka macho. Wagonjwa hawa hukabwa na jinamizi mara kwa mara. Wako wenye kukesha miezi mingi bila kupata lepe la usingizi. Hawa wote wana matibabu hospitalini, nao wasipotezewe wakati kwa ramli.

Mimi bado hukabwa mara moja moja, hasa nikichoka. Mke wangu amekwisha zoea. Hunigusa bega, nami hurudi. Lile umbo bado huja na kusimama karibu na mlango. Nimeacha kulitazama usoni.

Yule bi kizee niliwahi kumtafuta hadi Likoni, nikaambiwa amekwisha fariki. Kwa hiyo radhi niliyotaka kumwomba naiandika hapa. Nawe msomaji, ukikabwa usiku wa leo, asubuhi msimulie mwenzako yaliyokupata, lakini usimtaje mtu.