Maandalizi ya Shoti ya Mhusika katika Filamu ya Uhuishaji

Filamu huonyeshwa kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Kwa hiyo shoti ya sekunde 4 tu ina fremu 96, na hata pale kila mchoro unapopigwa picha mara mbili, mhuishaji huhitaji michoro 48. Kosa la wazo likigunduliwa katika mchoro wa 40, karibu kazi yote hutupwa.

Uchukuliwe mfano wa msichana anayeinua ndoo kisimani. Swali la kwanza si namna mkono unavyosogea, bali kile anachokifikiri. Akidhani ndoo ni tupu, ataivuta kwa mkono mmoja, kisha uzito usiotarajiwa utamrudisha chini. Akijua imejaa, atatanua miguu na kukunja magoti kabla ya kuigusa. Ndoo ni ileile, lakini shoti ni mbili tofauti. Ndiyo maana mhuishaji hulazimika kujua shoti iliyotangulia imemwacha mhusika katika hali gani.

Jibu likipatikana, tendo huigizwa. Wahuishaji wengi hujiigiza wenyewe mbele ya kioo au kamera huku wakipima muda. Studio ya Walt Disney ilikwenda mbali zaidi: kwa ajili ya filamu ya Snow White (1937), mcheza dansi Marge Champion aliigiza mbele ya kamera, na kwa ajili ya Bambi (1942) wachoraji walichunguza kulungu hai studioni. Hata hivyo, kunakili picha hizo fremu kwa fremu huzaa mwendo uliopooza. Kinachotafutwa humo ni mahali uzito unapohama.

Ndipo huchorwa mikao mikuu, midogo na ya haraka. Mkao usioeleweka ukipakwa weusi wote kama kivuli hubadilishwa. Kila mkao hupangiwa fremu yake.

Thomas na Johnston (1981) wanatofautisha mbinu mbili: kuchora mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, na kuchora mikao mikuu kwanza kisha kujaza katikati. Wapo wanaodai kwamba mbinu ya pili huua uhai wa tendo. Dai hilo lina nguvu kwa moto au moshi, ambao haufikiri. Kwa msichana wa kisimani ni dhaifu: asipotengewa mapema fremu kadhaa za kusita baada ya ndoo kumshinda, mtazamaji ataona kuteleza tu, wala hatatambua kwamba ameshangaa.