Ni cheti kipi humfungulia mlango mwalimu wa chekechea?

KILA shule zinapokaribia kufunguliwa, kuta na nguzo za stima kandokando ya barabara za Jogoo, Outering na Manyanja hujaa matangazo ya vyuo vinavyoahidi kumgeuza mtu kuwa mwalimu wa chekechea kwa muda mfupi.

Wengi wanaoyasoma ni kina mama na wasichana wa Kayole, Umoja, Dandora na Kariobangi ambao tayari wanafunza. Waliingia darasani kama wasaidizi baada ya kidato cha nne, katika nasari zilizo orofa ya chini ya majumba ya kupangisha au katika kumbi za makanisa. Walianza kuitwa 'ticha' kabla ya kuusomea ualimu.

Kinachowasumbua si iwapo wanaiweza kazi hiyo. Ni cheti kipi kitakachotambuliwa siku kaunti itakapotangaza nafasi, kwa kuwa karo ya chuo ikishalipwa hairudi.

Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo. Hata hivyo, licha ya jina lake, tume hiyo haiwaajiri walimu wa chekechea. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo mwalimu wa nasari ya umma ana mabwana wawili: mmoja humpa nambari ya usajili, mwingine humpa mshahara.

Hapo ndipo cheti huanza kuwa na uzito. Kwa aliyepitia chuo cha kawaida, kinachotazamwa ni iwapo mtihani wake wa mwisho ulisimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Karatasi iliyotiwa sahihi na mkuu wa chuo pekee, hata ikipambwa kwa muhuri wa rangi ya dhahabu, haimfikishi mbali nje ya shule ya kibinafsi iliyomwajiri. Aliyesomea chuo kikuu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kenyatta ambacho kina idara ya masomo ya watoto wachanga, hutumia shahada au diploma ya chuo hicho.

Waliosomea mtindo wa Montessori ndio mara nyingi hujikuta njia panda. Mtindo wenyewe hauna kasoro. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mnamo Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi mjini Roma, ndani ya jengo la kupangisha ambalo wazazi walishinda kazini mchana kutwa. Mkazi wa Pipeline angelitambua jengo hilo mara moja. Lakini ubora wa mtindo ni jambo moja na usajili ni jingine. Mwenye cheti cha Montessori ambacho hakikuandamana na mtihani unaotambuliwa na serikali huambiwa arudi chuoni.

Haikuwa hivi tangu awali. Hadi mwaka 1980 shule za chekechea zilisimamiwa na wizara ya utamaduni na huduma za jamii, ndipo zikahamishiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, ndani ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE, vikaanza kufunguliwa.

Mafunzo ya DICECE yalichukua miaka miwili na yalipangwa kwa busara ambayo haijasifiwa vya kutosha. Mwalimu hakuacha kazi. Alihudhuria masomo wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kisha akarudi darasani kwake kutekeleza aliyojifunza, na wakufunzi wakamfuata huko kumtazama. Alisomea makuzi ya mtoto, afya na lishe. Alikusanya hadithi na nyimbo katika lugha za watoto wenyewe, na akajifunza kutengeneza vifaa kwa vifuniko vya soda, maboksi na vitambaa. Mwenye alama ya D+ katika mtihani wa kidato cha nne aliweza kuanzia ngazi ya cheti.

Mlango huo umekuwa mwembamba. Mfumo wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, ukianzia madarasa ya PP1 na PP2 na miaka ya kwanza ya shule ya msingi. Vyuo vya ualimu navyo vikafuata: mwaka 2021 diploma mpya ya ualimu wa chekechea ilianza, ya miaka mitatu, na alama ya kujiunga ikawekwa kuwa C.

Lengo la kumpa mtoto mdogo mwalimu aliyesoma zaidi halina ubaya. Ila C hiyo inamwacha nje mwanamke wa Korogocho aliyefunza miaka 15 na ambaye watoto humkimbilia wakimwona njiani. Akiwa na cheti cha zamani kilichotahiniwa na KNEC, kuna kozi ya kujiendeleza hadi diploma. Akiwa hana, na alama yake ni ya chini, huenda akalazimika kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, usiku akisoma na mchana akifunza.

Zaidi ya hayo, anayetoka chuoni hukutana na wazazi. Mtaala unataka mtoto wa miaka minne acheze, aimbe na ashike vitu kwa mikono yake. Mzazi aliyeamka alfajiri kutafuta kibarua katika Eneo la Viwanda anataka kuona daftari lililojaa hesabu, maana anajua kuwa baadhi ya shule bado huwapa watoto mahojiano kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, ingawa wizara imekataza. Mwalimu asiyeweza kumweleza mzazi huyo kwa nini mtoto anacheza atapoteza mwanafunzi, na pamoja naye karo.

Na karo ndiyo mshahara. Katika nasari nyingi za kibinafsi, vibarua vikikosekana mwezi huo, mwalimu naye hukosa. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wa chekechea walikaa nyumbani hadi Januari 2021, na walimu wengi wa aina hiyo hawakupata chochote.

Basi mtu anayetaka kujiunga na chuo aulize mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi moja: je, chuo kimesajiliwa na serikali kwa kozi hiyo hasa, na je, wanafunzi wake hufanyia mtihani wa KNEC wapi? Chuo halali hakitasita kumwonyesha stakabadhi. Anayetaka kulea watoto walio chini ya umri wa chekechea afahamu kuwa hiyo ni kazi nyingine, na kwamba Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya malezi mwaka 2017.

Maombi ya usajili wa TSC hufanywa kwa mtandao. Huhitaji kitambulisho, vyeti vya masomo na vya ualimu, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, fomu iliyojazwa na daktari, nambari ya ushuru ya KRA, picha na ada. Majina katika stakabadhi hizo zote yanapaswa kulingana. Aliyebadilisha jina baada ya kuolewa aandae hati ya kiapo mapema, kwa sababu hilo ndilo huchelewesha wengi.